Ngazi ya Nyuma

Hoteli ninayoizungumzia iko katikati ya Nakuru, na ina ngazi mbili. Ya mbele ni ya mvule, pana, imelainishwa na viganja vya watu kwa zaidi ya miaka themanini, na kila daraja ina fimbo ya brasi ya kushikilia zulia. Ya nyuma ni ya simiti iliyopakwa ile rangi nyekundu ya sakafu za zamani. Ni nyembamba: wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ili mwenye sinia apite. Daraja zake zimelika katikati kama jiwe la kusagia. Baba yangu alifanya kazi humo tangu 1958 hadi 1984, na miaka hiyo yote alipandia nyuma.

Alianza kama mvulana wa jikoni, akawa weita, akastaafu akiwa mkubwa wa maweita. Kanzu nyeupe, mshipi mwekundu, tarbushi. Sisi tuliokulia mtaa wa Bondeni tulimwona akitoka nyumbani na suruali ya kawaida na sweta, kanzu imekunjwa ndani ya gazeti ili vumbi lisiiguse. Vumbi la Nakuru si la mchezo. Wazee husema hata jina la mji limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na mtaa jirani na kwetu unaitwa Kivumbini, hauhitaji mkalimani. Kanzu ikiingia doa kabla ya zamu, unakatwa mshahara.

Kazi yangu ni kupanga ndani ya majengo: sakafu, kuta, taa, samani, pa kukaa na pa kupita. Nimeifanya kwa karibu miaka ishirini, nyingi zikiwa Nakuru, Kisumu na Eldoret. Miaka miwili iliyopita mwenye hoteli ile alinipigia simu akataka niifanye upya bila kuipotezea uzee wake. Ni mtu wa rika langu, alirithi hisa kutoka kwa babake, na anaipenda nyumba ile kwa dhati. Nasema hivyo mapema kwa sababu tulibishana sana, na sitaki msomaji amdhanie vibaya.

Siku ya kwanza alinionyesha picha alizozikusanya kwenye simu. Ngozi za punda milia sakafuni. Masanduku ya ngozi ya safari yaliyopangwa kama meza. Gramafoni. Bunduki mbili zimepishana juu ya meko. Na kwa ukuta wa baa, picha moja kubwa ya rangi ya kahawia: maweita sita wa Kiafrika wamesimama mstari mmoja na tarbushi zao, mikono nyuma, na mbele yao Mzungu ameketi na glasi. Aliipata mtandaoni, haikuwa hata ya Nakuru. "Nataka mgeni akiingia ahisi ameingia zamani," aliniambia.

Nilimuuliza: zamani ya nani?

Hakunijibu siku ile. Nami sikumwambia kuhusu baba.

Ili swali hilo lieleweke, lazima mtu aujue mji wenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 1900, mwaka mmoja kabla ya kufika ziwani Kisumu. Kabla ya reli hapakuwa na mji, na baada yake paliota maduka, kanisa, benki, soko la ng'ombe na hoteli. Walowezi waliopewa mashamba ya Njoro, Subukia, Rongai na Molo walikuja mjini kuuza nafaka na kunywa. Miaka ya 1920, reli ya kwenda Eldoret ilipochepuka kuanzia hapa, Nakuru ikawa njia panda ya nchi. Hoteli za wakati huo zilijengwa kwa ajili yao tu. Mawe yalichongwa na mafundi Wahindi, wengi wao Kalasinga ambao baba zao waliletwa na reli. Mbao zilirandwa nao pia, na vibarua wa Kiafrika wakabeba kila kitu begani. Mlango ulipofunguliwa, hakuna hata mmoja wa wajenzi hao aliyeruhusiwa kuketi mezani. Ubaguzi huo uliendelea karibu hadi Uhuru. Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alisimama mbele ya walowezi papa hapa Nakuru akawasihi wasikimbie, akasema pande zote zijifunze kusameheana. Baba alikuwa zamu jioni hiyo. Alichotusimulia hakikuwa hotuba. Alisema baa ilijaa watu wakanyamaza, na kwamba kwa mara ya kwanza mzungu mmoja alimuuliza jina lake la baba.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuheshimu urithi wa hoteli kama hii, nauliza tunaheshimu nini. Mbao? Ndiyo, na nitaeleza kwa nini. Lakini ngozi za punda milia hazikuwahi kuwa kwenye nyumba ile. Nilipekua picha zote za zamani walizokuwa nazo stoo, nikawauliza waliobaki hai. Kulikuwa na makochi ya kitambaa cha maua, vibao vya bei ya nafaka, kalenda za mashirika ya mbolea. Ilikuwa hoteli ya wakulima wenye matope kwenye buti. Zile bunduki na ngozi ni zamani ya kununuliwa, ungeweza kuitundika Nanyuki, Arusha au uwanja wa ndege, na mgeni asijue tofauti.

Wiki sita za kwanza sikuchora chochote. Nilipima, nikagonga kuta, nikalala usiku mmoja mmoja katika vyumba mbalimbali kusikia nyumba inavyosikika. Hatua hii wateja wengi hawapendi kuilipia, lakini kama kuna jambo moja ninalowasihi vijana wanaoanza kazi hii, ni wailipishe na waifanye.

Juu ya dari ya jipsamu iliyowekwa miaka ya 1980, nilikuta dari ya kwanza ikiwa mita moja na zaidi juu yake. Pale ukuta unapokutana na dari kulikuwa na nakshi ya plasta ya zabibu na masuke ya ngano, na juu ya kila mlango tundu la hewa lenye vibao vya kuzungusha. Dari ya jipsamu ilikuwa imeyaziba yote, ndiyo maana vyumba vilinuka unyevu hata vikipakwa rangi kila mwaka. Chini ya kapeti ya mapokezi kulikuwa na gundi ngumu kama lami, na chini ya gundi, terazo, ile sakafu ya simiti na vipande vya marumaru. Kuta za chumba cha kulia zilifunikwa kwa mbao ambazo mtu alizipiga rangi nyeupe ya mafuta. Nilipokwangua kipande kidogo kama kucha nyuma ya kabati, harufu ya penseli mpya ikanijia puani. Mtarakwa. Mti huu wa milimani ndio uliokuwa ukisafirishwa nje kutengenezea penseli, na mbao zake haziliwi na mchwa kwa urahisi. Mbao za nyumba ile zilikuwa zimekaa zaidi ya miaka themanini chini ya moshi, supu na rangi, na harufu yake iko hai.

Rangi niliisoma kwa wembe. Unachagua mahali pasipoonekana, unakwangua tabaka moja baada ya jingine kwa ngazi ndogo ndogo hadi ufike kwenye plasta, kisha unaitazama kwa lenzi. (Usitumie msasa mkavu kamwe. Rangi za mafuta za miaka hiyo nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wa mafundi wanaoshika nguo za baba zao jioni. Lowesha kwanza.) Katika ukumbi wa ngazi nilipata tabaka saba: ya maziwa, ya udongo, ya maziwa tena, kijani kibichi, kahawia, nyeupe, nyeupe.

Mwenye hoteli alitaka ya kwanza kabisa kwa sababu ndiyo asili. Mimi nilitaka kijani. Mzee mmoja aliyekuwa mpishi alikumbuka kijani kile kilipakwa mwaka mmoja baada ya Uhuru, menejimenti ilipobadilika na walimu, makarani wa reli na wafanyabiashara wa Kiafrika walipoanza kuingia kwa mlango wa mbele na kulipa. Harusi za miaka hiyo zilipigwa picha mbele ya kijani kile. Ukibandua tabaka sita ili ufike ya kwanza, umeamua kwamba nyumba ilikoma kuishi siku walowezi walipoondoka. Tulipaka kijani. Nyuma ya mlango wa stoo niliiacha ile ngazi ya wembe wazi, tabaka zote saba, bila kioo wala maandishi.

Niseme habari ya Kisumu, kwa maana huko ndiko nilikojifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Miaka kumi na zaidi iliyopita nilipewa nyumba ya wageni ya zamani, si mbali na bandari, jengo la mawe lililopigwa plasta ya chokaa. Plasta ilikuwa ikimomonyoka kwa chini. Nikaamuru ibanduliwe, ipigwe ya simiti, juu yake rangi nzuri ya kuoshwa. Ilipendeza sana siku ya ufunguzi. Baada ya misimu miwili ya mvua, kuta zilianza kuvimba mapovu, chumvi nyeupe ikatoka kama unga, na unyevu ambao zamani ulikuwa kwenye magoti ya ukuta ukapanda hadi kifuani.

Sababu yake ni rahisi, lakini hakuna aliyenifundisha darasani. Kuta za mawe za zamani mara nyingi hazina ile karatasi ya kuzuia maji kwenye msingi. Jiwe hunywa maji kutoka ardhini, na chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo, huyaachia yatoke hewani. Chokaa humomonyoka, ndiyo, kwa sababu ndiyo kazi yake: inakubali kuharibika ili jiwe lisiharibike. Simiti hufunga mlango huo. Maji hayatoki, hupanda. Nilirudi kwa mama mwenye nyumba nikamwambia kosa ni langu, tukaibandua yote, na gharama ya kazi ya pili niliibeba kwa awamu. Tangu wakati huo, chokaa ya kulowekwa siku nyingi ndani ya pipa ni kitu cha kwanza ninachokiagiza. Mafundi vijana huniuliza kama naroga.

Nakuru si Kisumu. Kisumu iko chini, kando ya ziwa, joto lake linadai upepo upite ndani ya nyumba. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Mchana jua, usiku baridi, na kiangazi vumbi jepesi la eneo la Ziwa Nakuru linapanda mjini kama poda. Hoteli ile ilikuwa imeyajua hayo yote kabla yangu. Zamani mlango wake wa mbele ulikuwa na kijichumba cha kuingilia: mlango wa nje, hatua mbili za mkeka, kisha mlango wa ndani. Vumbi liliishia hapo na joto la jioni lilibaki ndani. Miaka ya 1990 kijichumba kilivunjwa ili mapokezi yaonekane makubwa. Nikakirudisha. Meko ya ukutani ilikuwa imezibwa kwa ubao. Dohani ilipojaribiwa kwa moshi ilionekana ina ufa, tukapitisha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani yake, na Julai ile moto wa kuni ukawaka tena.

Vitambaa nilivichagua kwa kuuliza swali moja: kitafuliwaje? Mapazia mazito ya mahameli yanapendeza kwenye picha, lakini Nakuru yanakuwa ghala la vumbi ndani ya miezi miwili. Tulitumia pamba iliyofumwa Eldoret, Rivatex, kiwanda ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007 kilipokuwa kimekufa. Watu wa Kisumu walinishawishi kuhusu viti vya kusukwa kwa magugumaji, na navipenda, ni kazi ya mikono safi sana. Lakini msuko hula vumbi. Nikaviweka barazani tu, ambako upepo unavipangusa. Vyumbani, juu ya kila kitanda, nimekunja blanketi la sufu la aina ile ambayo kila Mkenya wa umri wangu alipelekwa nayo bwenini.

Sasa mabafu, ambayo ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko vyote. Hoteli ilijengwa na mabafu ya pamoja mwisho wa kila ukumbi. Mgeni wa leo hakubali hilo, na simlaumu. Njia ya haraka, na nimeiona hoteli nyingi, ni kukata kona ya chumba kwa ukuta wa tofali hadi darini. Chumba kinabaki na umbo la herufi L, dirisha linagawanywa, nakshi inakatwa kwa msumeno. Tulichofanya ni kuvitoa sadaka vyumba vichache, kimoja kikagawanywa kuwa mabafu mawili ya majirani zake. Pale ambapo hilo halikuwezekana, tulijenga bafu kama kabati kubwa lililosimama lenyewe ndani ya chumba, sakafu yake imeinuliwa kidogo ili mabomba yapite juu ya mbao za zamani na si ndani yake, na paa lake likiishia chini ya nakshi, hivyo ukilala kitandani unaiona dari yote kutoka ukuta hadi ukuta. Siku moja mtu akitaka kuliondoa, atafungua skrubu. Nyaya za stima nazo hatukuchimbia ukutani. Zimepita ndani ya mabomba membamba ya chuma yanayoonekana, yamepangwa sawa, kama zilivyopita zile za kwanza ambazo mpira wake ulikuwa ukivunjika mkononi kama biskuti.

Mwenye hoteli alihesabu vyumba alivyopoteza akanyamaza siku mbili. Namwelewa. Ni mikopo.

Kuna mikataba ya wataalamu kuhusu mambo haya. Ule wa Venice wa 1964 unasema kipande kipya kiafikiane na cha zamani, lakini kitambulike kuwa ni kipya. Ule wa Burra, wa Australia, wa 1979, unafundisha kubadilisha kadiri inavyolazimu na si zaidi. Hapa kwetu tuna Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006, lakini inalinda jengo lililotangazwa rasmi. Hoteli yetu haikuwa imetangazwa. Hakuna sheria ya turathi ambayo ingemzuia mtu kuibomoa ndani yote wiki moja na kuweka vioo. Kilichoilinda ni utashi wa mwenyewe, na tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, bei ya kiwanja cha katikati inaushawishi utashi huo kila asubuhi.

Milango. Mkandarasi alitaka kuitupa yote na kuleta ya kisasa, eti ya zamani imepinda. Nilimwomba fundi wa mbao aje na randa. Aliranda ukingo mmoja milimita mbili, akasimama, akauita mti kwa jina kama mtu aliyekutana na mjomba wake. Mvule wa unene ule hupati tena kwa urahisi. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wengi wetu tulianza kununua mbao za kutoka nje bila kujua zilikatwa vipi, na mara nyingi zilikuwa mbichi, zinapinda kabla hujalipwa. Mlango uliokauka miaka themanini hausogei tena. Umepinda kwa sababu bawaba zilishuka. Tulibadilisha bawaba. Milango minne iliyokuwa imeoza chini haikufaa, nikaiweka pembeni, nikijua itahitajika.

Terazo ilimleta mzee ambaye nadhani ni miongoni mwa wa mwisho mjini wanaoijua kwa mkono. Alijifunza akiwa kibarua wa fundi Mhindi, akichanganya vipande vya marumaru na simiti kwa koleo. Alipiga magoti mapokezi, akaweka kiganja sakafuni, akasema, "Binti yangu, hii si chafu. Hii imechoka tu." Tulisaga gundi pole pole kwa mashine na maji, kisha yeye na wanawe wakamalizia pembeni kwa jiwe la mkono. Palikuwa na ufa mrefu kutoka mlangoni hadi dawati. Aliujaza. Alijaribu michanganyiko mitano kupata rangi ileile na ya tano ilikaribia sana, lakini si ileile. Mawe yale hayapatikani tena. Aliumia. Aliniomba ruhusa avunje sehemu nzima aimwage upya ili isionekane. Nilimwambia iache. Mtu akitazama vizuri anauona mstari, mweupe kidogo kuliko ndugu zake.

Nimechelewa kurudi kwenye ngazi.

Hoteli ilihitaji lifti. Si anasa: mgeni wa kiti cha magurudumu alikuwa hawezi kufika ghorofa ya kwanza, na kwangu mimi nyumba inayowafungia watu mlango haijajifunza kitu kutokana na historia yake. Mhandisi akasema nafasi ipo moja tu, shimo la ngazi ya nyuma. Livunjwe, lifti iingie. Mwenye hoteli akafurahi. Ngazi ile aliionea aibu: giza, kuta zimechubuka, hakuna mgeni anayeipita.

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu baba. Nilimwambia kwa upole, lakini nilimwambia yote, pamoja na kanzu ndani ya gazeti. Alinisikiliza. Kisha akasema jambo la haki: "Dada, pole. Lakini siwezi kumwacha mgeni mlemavu chini kwa sababu ya kumbukumbu ya mzee wako." Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa na ramani hadi usiku wa manane, na jibu lilitoka kwa moto. Ukiondoa ngazi ya nyuma, wageni wote wa juu wanabaki na njia moja ya kutokea, na njia hiyo ni ya mbao. Mvule ukishika moto, watakimbilia wapi? Hakuna mkaguzi mwenye akili timamu ambaye angeipitisha, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai njia za kutokea moto. Ngazi ya simiti aliyoionea aibu ndiyo ingeokoa watu. Lifti ikajengwa nje, uani, kwenye mnara mwembamba wa chuma na kioo ulioegemea ukuta wa nyuma, na madirisha mawili ya zamani mwisho wa ukumbi yakashushwa kuwa milango yake. Ilizidi bajeti. Alikubali.

Ikabaki ile picha ya maweita sita. Nilimwomba tuwaite wazee waliofanya kazi pale, tuwaulize wao. Jumapili moja walikuja saba, na wajane watatu. Chai, mandazi, nyama kidogo. Aliwaonyesha picha bila kusema lolote. Waliipitisha mkono kwa mkono. Mzee aliyekuwa dobi, ambaye anasikia kwa sikio moja, aliuliza, "Hawa ni kina nani?" Mwenye hoteli akasema hajui. "Basi utawawekaje ukutani?" Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Picha ile haikuwekwa.

Nilitarajia waombe kibao chenye majina, au picha zao wenyewe. Nilikuwa tayari na nafasi. Wakatazamana, kisha aliyekuwa mpishi akasema, nyumba hii hatukuwahi kuwa na pa kukaa. Mtu alisimama kwa muda wa saa kumi. Kati ya chakula cha mchana na chai waliketi kwenye kreti za soda pale ngazi ya nyuma inapogeuka, kwenye kituo cha kati, na bosi akisikika walizificha. Akasema, kama kuna pesa, weka benchi pale. Si kwa ajili yetu, magoti yetu hayafiki tena. Wale watoto mnaowaajiri sasa.

Ile milango minne ya mvule ndiyo iliyotoa benchi. Fundi aliacha tundu la kitasa kwenye ubao mmoja, limejazwa kwa kipande cha mtarakwa. Hakuna maandishi juu yake.

Wiki moja kabla ya kufungua nilimpeleka mama. Ana miaka 81. Nilitaka apande ngazi ya mbele nikiwa nimemshika mkono, nilikuwa nimeiwazia picha hiyo tangu kazi ianze. Aliitazama, akaisifu, akasema nipeleke kule kwa babako. Tukapanda nyuma, daraja moja moja, mkono wake ukitambaa ukutani. Kwenye benchi aliketi, akapumua, akapapasa mbao. Kisha akaanza kutazama huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo.

"Dirisha liko wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna dirisha, mama. Nimeupima ukuta huu mara tatu.

"Lilikuwepo," alisema. "Siku za mshahara nilikuwa nasimama pale uani na wewe mgongoni. Nilikuwa namwona kichwa."

Nilimwita fundi. Alipiga ukuta kwa mpini wa nyundo, kuanzia kushoto, polepole. Jiwe, jiwe, jiwe. Juu kidogo ya bega la mama sauti ikabadilika.